Kuchora sura za watu kwa brashi ya upepo: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi nachora sura za watu kwenye matatu. Siku ambazo hakuna gari nachora kwenye turubai, helmeti za bodaboda, na juzi mlango wa kinyozi jirani. Nilianzia gereji ya kujenga bodi kule Industrial Area, Nairobi, nikapiga msasa karibu mwaka mzima kabla ya mtu kuniamini na brashi. Gari likishaonekana barabarani, simu huanza kuingia: vijana wa mtaani, mama mmoja aliyestaafu ualimu, mchora vibao wa Tanga. Wote huuliza mambo yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Brashi ya upepo ni nini hasa? Si ni spregani ndogo tu?

Hujakosea sana, spregani ni ile bunduki ya kupulizia rangi gari. Brashi ichukulie kama kalamu nene ya chuma iliyofungwa mpira wa kompresa. Ndani ina sindano ndefu ambayo ncha yake imeziba tundu dogo la nozeli. Upepo ukipita kwa kasi mdomoni pa nozeli huvuta rangi na kuivunja kuwa ukungu. Ukirudisha sindano nyuma kwa kidole, tundu hufunguka zaidi na rangi huongezeka. Spregani hufanya kazi hivyohivyo, ila yenyewe hutema upana wa kiganja au zaidi, na brashi inaweza kuchora mstari mwembamba kama unywele.

Wengi hudhani chombo hiki kililetwa na magari. La. Mmarekani Francis Edgar Stanley alipata hataza ya kinyunyizio cha rangi mwaka 1876, na alikikusudia kutia rangi picha za kamera. Brashi inayofanana na hizi zetu, ya Charles Burdick, ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Kwa miaka mingi baada ya hapo mafundi wa studio waliitumia kulainisha mashavu na kufuta makunyanzi ya wateja. Kwa hiyo sura ya mtu ndiyo kazi yake ya asili, na matangi ya pikipiki yamekuja baadaye.

Fundi, lazima nijue kuchora kwa penseli kwanza?

Hapa ndipo wanafunzi wengi wananikimbia. Ndiyo, lazima, lakini si kwa kiwango unachokiogopa.

Brashi ya upepo inakurahisishia jambo moja gumu: kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga bila alama ya mkono. Penseli ingekuchukua saa nzima kulainisha shavu. Brashi inamaliza kwa dakika mbili. Lakini brashi haijui shavu linaishia wapi. Ukiweka kivuli cha pua sentimita moja nje ya mahali pake, utakuwa umelainisha kosa, na kosa laini huonekana zaidi kuliko kosa la penseli.

Zoezi langu ni hili. Piga picha ya ndugu yako akiwa amekaa kando ya dirisha, nuru ikitoka upande mmoja. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Chora jicho moja, kisha pua, kisha mdomo, kila kimoja kwa ukubwa wa kiganja, kwa penseli laini ya 4B. Usichore mistari ya kuzungushia. Jaza maeneo ya giza tu na uache karatasi iwe mwanga. Ukifika jicho la kumi na tano, njoo tuzungumze habari za brashi.

Ninunue brashi gani?

Yenye triga ya vitendo viwili: ukibonyeza chini unapata upepo, ukivuta nyuma unapata rangi. Zile za kitendo kimoja, ambazo rangi unaipima kwa kuzungusha skrubu nyuma, zinafaa kupaka mandhari lakini zitakutesa kwenye kope za macho. Kikombe kiwe juu, si chupa ya kuning'inia chini, kwa sababu rangi inashuka kwa uzito wake na unaweza kufanya kazi kwa upepo mdogo. Sindano ya milimita 0.3 au 0.35 itakuchukua kuanzia paji la uso hadi mboni. Ya 0.2 achana nayo kwa sasa. Inaziba kwa chembe ya vumbi, na vumbi kwetu halikosekani.

Iwata Eclipse HP-CS, ambayo ina sindano ya 0.35, ndiyo niliyoishi nayo muda mrefu zaidi. Za bei rahisi zisizo na jina zinaandika pia, sikudanganyi. Tatizo ni siku nozeli inapopasuka na huwezi kupata nyingine inayoingia. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana nozeli na sindano za akiba za brashi hiyohiyo. Akianza kukuzungusha, rudisha mkono mfukoni.

Kompresa ya gereji inatosha?

Inatosha na kuzidi. Kwa sura nafanya kazi kati ya psi 15 na 25 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo), na kwa mistari ya kope nashuka hadi 10 au 12 rangi ikiwa nyepesi. Unachohitaji ni regyuleta yenye geji inayosema kweli na tangi la kutunza upepo. Kompresa isiyo na tangi hupumua kwa midundo, na midundo hiyo utaiona kwenye mstari wako kama vifundo vya muwa.

Mafundi wa jua kali wanatengeneza kompresa nzuri za kimya kutokana na mota za friji mbovu. Nimetumia moja miaka minne. Zina oili, kwa hiyo funga kichujio kabla ya mpira, la sivyo siku moja oili itatua usoni pa mtu uliyemaliza kumchora.

Maji ni adui mkubwa kuliko oili. Upepo ukibanwa hupata joto, ukipoa tangini mvuke wake unageuka maji. Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeshika, nilikuwa namalizia jicho la mwanasoka kwenye mlango wa nyuma wa basi la watu 33. Nilikuwa sijafungua koki ya chini ya tangi tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikabonyeza triga, ikatema tone moja. Tone likaanguka juu ya mboni, likateremka na rangi yote mpaka shavuni, mwanasoka akawa analia. Kondakta aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Huyo amefungwa penalti." Nilirudia upande mzima wa uso. Fungua koki kila jioni, na ukiwa Mombasa au Zanzibar ifungue hata mchana.

Rangi gani?

Kwa turubai na karatasi tumia akriliki ya maji iliyosagwa kwa ajili ya brashi ya upepo. Akriliki ya kawaida ya chupa inaweza kufanya kazi ukiipunguza na kuichuja kwa soksi ya nailoni, lakini chembe zake ni nene na itakuziba. Kwa bodi ya gari tunatumia rangi za magari zinazopunguzwa kwa thina.

Iwe nyepesi kiasi gani? Kama maziwa ya dukani, si maziwa mala. Itikise kikombeni: ikiteremka ukutani na kuacha utando mwembamba unaopitisha nuru, iko tayari. Ikiacha ukuta mweupe kabisa imezidi wepesi. Ikiganda, ongeza matone mawili ya kipunguzio.

Nianze na mazoezi gani?

Kwa wiki mbili za kwanza usichore uso wowote. Weka maji yenye rangi kidogo kikombeni, bandika gazeti kuu kuu ukutani, na ukariri jambo moja: upepo mwanzo, upepo mwisho. Bonyeza kwanza, upepo utoke mtupu. Kisha vuta, rangi itoke. Kisha rudisha, rangi ikatike. Ndipo uachie upepo. Ukiachia vyote kwa pamoja, tone linabaki kwenye ncha na litakusubiri kwa hamu mwanzo wa mstari unaofuata.

Anza na nukta. Chagua herufi "o" za kwenye gazeti na utie nukta katikati ya kila moja, brashi ikiwa karibu na karatasi kama unene wa kidole. Nukta ikiota miguu kama buibui, umevuta rangi nyingi au umekaribia mno. Kisha unganisha nukta kwa mistari. Kisha fanya mistari ya kisu: inaanza minene, unainua mkono na kurudisha kidole taratibu, inaishia na ncha kali. Mstari huo wa kisu ndio kope, nyusi, ndevu na nywele zote utakazochora maishani.

Mwisho fanya vivuli. Toka giza totoro hadi weupe ndani ya sentimita ishirini bila mtu kuona ulipopita, brashi ikiwa mbali kama urefu wa kiganja na mkono mzima ukitembea kuanzia begani. Mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka na uendelee baada ya rangi kukatika. Ukisimama ukingoni utapata doa, na uso wenye madoa mashavuni ni uso wenye ndui.

Kutumia stensili ni kudanganya?

Wanaouliza hivi huwa hawajawahi kuchora sura ya mita mbili wakiwa juu ya ngazi. Tumia. Mimi nakata stensili kwenye filamu za eksirei zilizokwishatumika. Ni ngumu, hazilowi, na zinapitisha nuru kidogo. Wengine hupiga miraba kwenye picha na kwenye bodi, wengine hutupia picha ukutani kwa projekta usiku. Yote ni halali.

Ila stensili iliyobanwa kabisa kwenye bodi inatoa ukingo mkali kama wa wembe, na usoni kingo kali ni chache: ukope wa juu, tundu za pua, mstari unaogawa midomo, labda kola ya shati. Kwingineko inua stensili kidogo, upana wa penseli hivi, ukungu uingie chini yake na ukingo ulainike. Sura nyingi zinazoonekana kama zimekatwa kwenye katoni tatizo lake ni hilo tu.

Kwa nini nikichora mtu mweusi anatoka kama ana majivu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yanamchora Mzungu, na kijana wa Kayole anayafuata hatua kwa hatua halafu anashangaa bibi yake ametoka kama maiti.

Ngozi yetu haina rangi nyeusi ndani yake. Fungua picha ya mtu aliyepigwa juani, ivute uone paji la uso peke yake. Utakuta samawati ya anga juu kabisa, kahawia nyekundu kwenye shavu, karibu zambarau chini ya taya, na kama amevaa shati la njano utaona njano imepanda hadi kidevuni. Ukitia kivuli kwa rangi nyeusi ya chupa, unaua vyote hivyo kwa mkupuo. Mimi kivuli kizito nakichanganya kwa kahawia nzito ya udongo na bluu kidogo ya ultramarini. Katikati nakwenda na kahawia nyekundu ya udongo. Mwangani ni njano ya udongo na nyeupe kidogo sana.

Sasa majivu. Ukungu wa rangi nyeupe ukitua juu ya rangi ya giza, vitone vyake ni vidogo mno na vimetawanyika, giza linaonekana katikati yake, na jicho linasoma samawati. Ni kama moshi wa kuni: ukiwa mbele ya mlango wenye giza unaonekana wa bluu. Ndiyo maana mng'ao uliopuliziwa nyeupe tupu unamfanya mtu aonekane amepauka, kana kwamba ametoka kuoga na hajapaka mafuta.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kutoanzia gizani. Anza na usuli wa rangi ya chai ya maziwa, kisha shuka kidogo kidogo kwa tabaka za kahawia zinazopitisha nuru, ukiacha mng'ao tangu mwanzo. Inachukua muda, lakini ngozi inatoka na uhai, kwa sababu nuru inapita kwenye tabaka na kurudi. Ya pili, kama bodi tayari ni nyeusi, weka mng'ao kwa krimu yenye njano, uache ukauke, kisha pitisha juu yake ukungu mwembamba wa rangi ya chungwa inayopitisha nuru. Utaona samawati inayeyuka mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilicheka peke yangu gerejini.

Jambo jingine: kwenye ngozi nyeusi mng'ao ni mkali na mdogo kuliko kwenye ngozi nyeupe, kwa sababu unachokiona ni nuru inayoruka juu ya ngozi kama kwenye meza iliyopigwa vanishi. Kwa hiyo usiusambaze. Ncha ya pua, juu ya mfupa wa shavu, mdomo wa chini, na ukingo wa paji upande wa nuru. Umemaliza.

Nianze na sehemu gani ya uso?

Macho. Yakikataa, utakuwa umepoteza saa moja badala ya siku. Mboni usiijaze nyeusi tupu, na ule weupe wa jicho si mweupe. Ni kijivu chenye kahawia, na juu yake kuna kivuli cha ukope. Nukta ya nuru ndani ya mboni iwe kitu cha mwisho kabisa kwenye picha nzima.

Nywele na ndevu je?

Nywele za kipilipili usizichore moja moja. Puliza umbo lake kama wingu, kisha tengeneza ukingo kwa nukta na mizunguko midogo. Mvi nakwangua kwa ncha ya wembe rangi ikiwa imekauka, au nasugua kwa kifutio kigumu kilichochongwa. Rasta zina mistari ya kisu, kivuli upande mmoja, basi.

Brashi inatema mate, au kikombe kinatoa mapovu. Nifanye nini?

Mapovu kikombeni maana yake upepo unarudi nyuma: nozeli haijakazwa, au imepasuka. Kutema mate mara nyingi ni rangi iliyokauka kwenye ncha ya sindano. Ifute kwa pamba yenye kipunguzio kila baada ya dakika chache, hasa ukitumia akriliki kwenye joto. Mstari ukienda upande, sindano imepinda. Iviringishe juu ya kioo, utaiona ikicheza.

Usafi: kila unapobadilisha rangi, mwaga, suuza, puliza hadi utoke ukungu mweupe. Jioni toa sindano kwa kuivuta nyuma, uifute kuelekea kwenye ncha. Usiingize waya kwenye nozeli. Nilimwona mwenzangu akitumia pini, akapanua tundu, na brashi ikawa ya kumwagilia maua.

Ina madhara kwa afya?

Ina, na sisi wa gereji tunajifanya hatujui. Ukungu huu ni mdogo kiasi cha kufika chini kabisa mapafuni. Kwa akriliki ya maji, barakoa ya kuzuia chembe na dirisha wazi vinasaidia. Kwa rangi za thina unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, maana ile ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Ukinusa thina ukiwa umevaa, vichujio vimekwisha au haijakukaa vizuri. Ndevu nazo huchangia.

Klia ya gari, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi ya kung'arisha, inayochanganywa na hadina ya kuikaza, ni jambo jingine. Hadina nyingi zina kemikali za isosaianeti, ambazo zinaweza kukupa pumu ya maisha, na huwezi kutegemea pua ikuonye. Kazi hiyo inataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira na chumba chenye feni. Kama huna, chora wewe, kisha peleka kipande kwa fundi mwenye chumba akipige klia. Usifanyie sebuleni watoto wakiwa wamelala.

Kuchora kwenye matatu kuna tofauti gani na turubai?

Turubai inatazamwa na mtu aliyesimama. Matatu inatazamwa na mtu anayekimbilia gari jingine. Sura inabidi isomeke kwa sekunde mbili kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo giza ongeza giza, mwanga ongeza mwanga, na vitu vya katikati vipunguze. Kila nusu saa shuka ngazi, vuka uende mbali, ukunje macho nusu. Kama humtambui, hata abiria hatamtambua.

Bodi ipigwe msasa hadi namba 800, ifutwe mafuta, na usiiguse tena kwa mkono mtupu. Halafu kuna mstari wa njano. Tangu kanuni za mwaka 2004, zile zilizobaki na jina la waziri John Michuki, matatu inatakiwa kuwa na mstari huo ubavuni. Panga sura ukiuhesabu tangu mwanzo usije ukamkata mtu shingo, ingawa wewe na mimi tunajua kuna nganya, matatu zilizorembwa kupita kiasi, ambazo mstari wake unautafuta kwa tochi.

Mteja ameniletea picha ndogo ya kipande. Inafaa?

Mara nyingi ni picha ya marehemu, na mara nyingi ndiyo pekee iliyopo. Usikatae haraka, ila usiahidi. Picha ya kitambulisho imepigwa nuru ya mbele, haina vivuli, na uso bila vivuli ni sinia. Omba picha ya mtoto au ndugu anayefanana naye, mpige kwa nuru ya pembeni, ujifunze mifupa ya ukoo huo ilivyokaa. Onyesha familia mchoro wa penseli kabla ya kugusa rangi. Niliwahi kuchora mzee mmoja, wanawe wote wakaridhika, mjane akatazama kimya, akasema, "Baba Wanjiru sikio lake la kulia lilikuwa limekatika kidogo." Kwenye kitambulisho halikuonekana. Nilikwangua kwa wembe hapohapo.

Kama picha imepigwa na mpigapicha wa kazi, muombe ruhusa. Na chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza, hata kwa binamu, hasa kwa binamu.

Itanichukua muda gani?

Ukishika brashi saa moja kila siku, kidole kitakutii ndani ya miezi mitatu. Sura ambayo mwenyewe ataitambua, karibu mwaka. Sura ambayo mama yake ataikubali, sijui nikuambie nini.

Natumia mkono wa kushoto. Kuna brashi maalumu?

Hakuna haja. Kikombe kiko juu katikati na triga iko juu. Mpira tu uuzungushie mkono upande mwingine usiburute kwenye rangi mbichi.